Karatasi, Sheria na Fundi: Gari Lililotumika Kutoka Yokohama Hadi Sumbawanga

Mahindi yakishauzwa, Sumbawanga huanza mazungumzo ya magari. Mkulima wa Laela aliyepeleka magunia yake kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, mwalimu wa Namanyere aliyevunja kikoba chake na mchuuzi wa dagaa wa Kasanga wote wana swali moja: kwa fedha niliyo nayo, gari gani lililotumika litanifaa bila kunitia hasara? Swali hilo haliulizwi hapa nyanda za juu za Ufipa peke yake. Linaulizwa Nairobi, Dubai na Birmingham, na hata huko Japani yanakotoka mengi ya magari yetu. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani George Akerlof alilichukua soko la magari yaliyotumika kuwa mfano wa tatizo pana: muuzaji anakijua anachouza, mnunuzi hakijui. Mnunuzi asipoweza kutenga zuri na bovu, hutoa bei ya katikati. Mwenye gari zuri huona bei hiyo inamdhulumu, akaliondoa sokoni, na wanaobaki ni wenye mabovu. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Akerlof, pamoja na wenzake wawili, Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2001.

Kila jamii, basi, imelazimika kutafuta dawa ya kutojua huko, na dawa hizo hazifanani. Wako walioweka imani yao kwenye karatasi, wako walioiweka kwenye sheria, na wako walioiweka kwa mtu. Mnunuzi wa Ufipa hukutana na zote tatu katika gari moja, kwa sababu gari analolipigia hesabu limepita mikononi mwa Mjapani aliyeliandikia karatasi, likapita kwenye sheria za forodha za Dar es Salaam, na sasa limesimama mbele ya gereji, fundi akisubiri kuulizwa.

Tuanze na Japani. Huko gari jipya la kawaida hufanyiwa ukaguzi wa lazima, unaoitwa shaken, linapofikisha miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili. Cheti cha ukaguzi hubeba kilomita zilizosomwa siku ile. Gari likipelekwa mnadani, mkaguzi wa mnada hulijazia karatasi yake: daraja la jumla kwa tarakimu, hali ya ndani kwa herufi, na mchoro wa bodi uliowekwa alama kila penye kasoro. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi upya, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Gari lililopata ajali likatengenezwa huangukia daraja la R au RA. Mjapani huliuza gari ambalo bado lina nguvu kwa sababu gharama za kukaa nalo hupanda: ukaguzi ni ghali, na gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake ya mwaka huongezwa. Kwa hiyo kinachoondolewa barabarani Japani mara nyingi kimeondolewa na hesabu ya kodi, injini ikiwa bado nzima.

Uingereza nayo inaamini maandishi, lakini maandishi yake ni ya umma. Ukaguzi wa MOT ulianza mwaka 1960 kwa magari yaliyotimiza miaka kumi, na mwaka 1967 umri huo ulishushwa hadi miaka mitatu. Leo mtu yeyote mwenye namba ya gari anaweza kufungua tovuti ya serikali, bila malipo, akasoma historia ya ukaguzi wake: siku lililofaulu, siku lililoshindwa na kwa nini, na maili zilizosomwa kila mara. Karatasi ya mnada wa Kijapani ni picha ya siku moja, iliyoandikwa na mtaalamu kwa ajili ya wafanyabiashara. Kumbukumbu ya Kiingereza ni mfululizo wa miaka, na mwenye haki ya kuisoma ni kila mpita njia. Ya kwanza ina undani mkubwa kuhusu bodi na rangi, ya pili ina nguvu ya kufichua kilomita zilizorudishwa nyuma, kwa maana ni vigumu kudanganya safu ya tarakimu zinazopanda mwaka hadi mwaka.

Tukirudi Afrika Mashariki, tunakuta njia nyingine: sheria ya umri. Kenya, kwa kiwango chake cha KS 1515:2000, hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kila Januari mstari husogea, na mwaka 2025 gari lililosajiliwa kabla ya 2018 lilikuwa limefungiwa mlango. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia magari yaliyotimiza miaka 15. Tanzania haikufunga mlango, bali ilipandisha kiingilio. Gari dogo la abiria lenye umri wa miaka minane hadi kumi hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na likipita miaka kumi kiwango huwa kikubwa zaidi. Katika viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, ushuru huo umekuwa asilimia 15 kwa kundi la kwanza na 30 kwa la pili, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18.

Njia ya Kenya ina faida yake. Mnunuzi wa Nairobi ana uhakika kwamba gari lililoingia mwaka huu si kikongwe, na mji uliojaa magari una sababu nzuri ya kujali moshi. Njia ya Tanzania nayo ina faida yake: mkulima anayeridhika na gari la mwaka 2004 lililotunzwa hanyimwi haki ya kulinunua, ila anachangia zaidi hazina ya taifa. Hata hivyo zote mbili zinapima kitu kimoja tu, kalenda. Gari la miaka saba lililobeba mizigo kila siku linaingia Mombasa bila kipingamizi. Gari la miaka kumi na moja lililokuwa la mzee wa kijijini Japani, likitoka Jumapili kwa Jumapili, hupewa adhabu Dar es Salaam. Sheria haina macho ya kuona tofauti hiyo. Macho hayo anayo mnunuzi.

Hapo ndipo kibao cha namba kinapopotosha wengi. Uingereza, tangu Septemba 2001, tarakimu mbili katika namba ya gari zinaonyesha kipindi liliposajiliwa kwa mara ya kwanza, na kwa gari lililonunuliwa jipya humo humo hicho ndicho kipimo cha umri. Kwetu, gari la namba D au namba E linatajwa kwa fahari na kuongezewa bei, kama ilivyo Kenya kwa gari la KDA mbele ya lile la KBA. Lakini herufi za Tanzania na za Kenya zinaeleza siku gari lilipoingia katika daftari la nchi, hazielezi siku lilipotoka kiwandani. Namba E inaweza kuwa gari la mwaka 2003 lililoagizwa juzi, na namba C inaweza kuwa gari la mwaka 2009. Namba hiyo bado ina manufaa, mradi isomwe kwa maana yake halisi: inaonyesha ni miaka mingapi gari limekula vumbi la huku. Umri wenyewe usomwe kwenye kadi ya gari, kisha namba ya chasisi iliyo kwenye kadi ilinganishwe na iliyogongwa kwenye chuma.

Kuna pia wale waliolazimika kununua kwa bei na upatikanaji kuliko kwa karatasi au sheria. Dubai ilianzisha mwaka 2000 eneo huru la DUCAMZ, huko Ras Al Khor, kwa ajili ya magari yaliyotumika yanayouzwa tena nje, mengi ya usukani wa kulia kutoka Japani. Mfanyabiashara wa Kiafrika anayefika pale analiona gari, analigusa na kuliwasha, jambo ambalo aliyeagiza Japani kwa picha halipati. Kwa upande mwingine, gari lililotumika kwenye jua la Ghuba huwa limekauka mipira na plastiki, wakati lililotoka kaskazini mwa Japani, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi kuyeyusha barafu, huwa limeliwa na kutu chini ya bodi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Kongo, watu wa Uvira na Bukavu huendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi yao yana usukani wa kulia. Dereva wa huko hujua kwamba kulipita lori kunamtaka uangalifu maradufu, na amekubali gharama hiyo kwa sababu gari la Kijapani lenye spea ni bora kuliko gari linalofaa barabara yake lakini asiloweza kulinunua.

Sasa tuitazame Ufipa yenyewe, kwanza kwa wakati. Zamani za Land Rover, Bedford na Peugeot 504, mtu binafsi mwenye gari nyanda za juu alikuwa wa kuhesabika. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na uagizaji ulikuwa mikononi mwa serikali. Mwaka 1984 serikali ilianza kuwaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na milango ya biashara ikazidi kufunguka miaka iliyofuata. Katika zama za kwanza tatizo la mnunuzi lilikuwa uhaba: alichukua alichopata, kisha fundi akakifanya kidumu. Katika zama hizi tatizo ni wingi: picha za magari elfu moja kwenye simu, kila moja likidaiwa kuwa halina tatizo. Uhaba ulimfundisha fundi. Wingi unamtaka mnunuzi naye ajifunze.

Kwa mahali pia, Ufipa ina masharti yake. Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Rukwa liko karibu mita 800, na Ziwa Tanganyika karibu mita 770. Anayekwenda Muze hushuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa, na anayekwenda Kasanga kupitia Matai hushuka hadi ziwani. Jioni lazima apande tena na mzigo. Katika kimo cha mita 1,800 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 16 kuliko pwani, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Maji yaliyo wazi huchemka kwa takriban nyuzi 94, si 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya injini ni mfuniko wa rejeta unaoshika mgandamizo. Dereva wa Dar es Salaam anaweza kuishi miaka na mfuniko mchovu bila kujua. Wa Sumbawanga atajua siku ya kwanza ya kupanda kutoka bondeni, na huenda akajua kwa kuunguza gasketi ya silinda hedi.

Kwa hiyo gari lililo bora kwa fedha yake Nairobi au Birmingham huenda lisiwe bora Ufipa, na kinyume chake. Gari la Ulaya lenye umri mkubwa hushuka bei sana, na kwa mkazi wa Birmingham hiyo ni nafasi nzuri, kwani muuza spea na fundi mwenye kompyuta ya aina hiyo hawako mbali naye. Gari hilo hilo likikwama Kirando, kifaa kimoja cha umeme kinaweza kuliweka chini ya mwembe wiki kadhaa. Hakuna ubaya katika gari wala katika mji, ila umbali una bei yake, na kutoka Sumbawanga hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Hapa ndipo Toyota ilipopata heshima yake. Probox iliyoanza kuuzwa mwaka 2002, IST ya kizazi cha kwanza, Vitz na Corolla Fielder za miaka ile zina matoleo yanayochangia injini ya 1NZ ya ujazo wa lita 1.5, hivyo spea ya moja mara nyingi huifaa nyingine, nayo hupandishwa basi jioni Mbeya ikafika kesho yake. Kwa kazi ya bondeni, Land Cruiser ambayo Watanzania wanaiita mkonga, yenye injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2, ni nzito na inakunywa mafuta, lakini pampu yake ni ya kimakanika, isiyotegemea kompyuta, na fundi wa Muze ataielewa.

Barabara nazo zimegawa mahitaji. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyojengwa kwa msaada wa Millennium Challenge Corporation ya Marekani, imefanya gari dogo la petroli kuwa chaguo la akili kwa anayeishi Laela, Mpui au mjini. Kabla yake gari la chini lilikuwa adhabu. Anayefanya kazi Mtowisa au Ilemba bado anahitaji gari lililoinuka na linalovuta kwa magurudumu manne. Kosa la kawaida ni kununua kwa ajili ya safari ngumu ya mara moja kwa mwaka gari litakalokunywa mafuta mwaka mzima. Mwaka 2017 Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuipeleka kwenye bei ya mafuta. Mjapani na Mwingereza hulipa kodi ya gari kila mwaka, liendeshwe sana au kidogo. Mtanzania hulipa kwa kila lita. Kwa mfumo wetu, basi, gari kuukuu linalonusa mafuta ni nafuu kukaa nalo, na jipya linalobugia ni mzigo wa kila siku.

Kinachobaki ni mtu. Wanapokosa kumbukumbu ya umma ya aina ya Uingereza, watu wa Sumbawanga wameweka imani yao kwa fundi na kwa mmiliki anayejulikana. Tusiidharau njia hii. Fundi aliyelihudumia gari la mwalimu tangu liingie mjini anajua lini lilimwagwa oili na lini gia boksi ilifunguliwa, kwa undani usiopatikana katika cheti cha nchi yoyote. Anajua pia kwa nini wengi huziogopa injini za D4, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda na zisizovumilia mafuta machafu. Hata ubaridi wa Juni na Julai humsaidia. Injini ikiwashwa alfajiri ikiwa haijaguswa tangu jana yake, haina pa kuficha. Moshi wa bluu unasema inachoma oili, mweupe usiokoma unasema maji yameingia kwenye silinda, mweusi unasema mafuta yamezidi. Muuzaji aliyekwishalipasha moto gari kabla hujafika amekunyima ushahidi, na una haki ya kurudi kesho asubuhi. Tairi nalo halisemi uongo: tarakimu nne za ubavuni, kwa mfano 2319, zinaeleza kwamba lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Udhaifu wa imani kwa mtu ni kwamba haisafiri. Gari likitoka Mpanda au Mbeya, fundi wa Sumbawanga hana la kukumbuka, na dalali hujaza pengo hilo kwa maneno. Udhaifu wa karatasi ya Japani ni kwamba inaishia siku ya mnada: kwa gari lililokwisha kutembea huku miaka kumi, karatasi hiyo ni cheti cha kuzaliwa tu. Udhaifu wa sheria ya umri tumeuona. Kwa hiyo hakuna mila inayotosha peke yake, na wahenga wa Ufipa walilijua jambo la namna hii katika kazi yao. Mafundi wa chuma waliojenga matanuri marefu ya udongo, malungu, ambayo mabaki yake bado yamesimama katika nyanda hizi, hawakulichukulia tanuri la kwanza kuwa mwisho wa kazi. Chuma kilichotoka kwenye ilungu kilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, kikasafishwa kabla ya kufuliwa jembe. Gari nalo lipitishwe kwenye moto mara mbili: kwanza maandishi, kisha fundi.

Kwa mnunuzi wa Ufipa hii ina maana ya mpangilio. Kama gari linatoka Japani moja kwa moja, atake karatasi ya mnada na aisome alama kwa alama, kisha apige hesabu ya ushuru kwa kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kabla ya kutuma fedha. Kama ni la huku, ahakikishe umiliki TRA na faini za barabarani katika mfumo wa polisi, aandikishiane mkataba na muuzaji mbele ya mashahidi, na asikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia hata na jamaa yake. Baada ya hapo amlipe fundi wake mwenyewe, si wa muuzaji, alikague gari likiwa baridi, kisha waliendeshe kwenye mteremko na mpando wa kweli. Ujira wa fundi kwa asubuhi moja ni mdogo mno ukilinganisha na gharama ya kufungua injini.

Na kwa walio na magari sasa, liko moja la kujifunza kwa Waingereza bila kusubiri serikali ijenge tovuti. Weka daftari kwenye gari. Andika tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na jina la gereji, kila mara, na umwombe fundi atie sahihi. Siku ya kuuza, daftari hilo litakupa bei ambayo Akerlof alionyesha kwamba soko lisilojua huwanyima wenye magari mazuri, na atakayenunua atalipokea gari pamoja na maisha yake. Wanunuzi wa Sumbawanga wakianza kulidai, wauzaji watalazimika kuwa nalo.